Sura ya Tisa: Namba ya Inspekta kwa Jina la Meneja

Chumba namba nne kilikuwa kitupu. Kitanda kimetandikwa vizuri, dirisha limefungwa, na juu ya mto umewekwa ufunguo wa mlango. Kikombe cha chai kilikuwa mezani, kimepungua kidogo tu, kimeshaota utando.

Inspekta alikigusa kwa mgongo wa kidole. Kimepoa kabisa.

"Saa ngapi ameondoka?" akauliza bila kugeuka.

Mama mwenye nyumba ya wageni alisimama mlangoni na rundo lake la funguo kiunoni. Alikuwa mtu mzima, mpana, asiyependa kuulizwa maswali katika nyumba yake mwenyewe.

"Inspekta, usinijie juu. Mtu umemwita wewe."

"Mimi?"

"Wewe hapo. Ujumbe uliingia saa sita na robo, akanionyesha. Juu pameandikwa Inspekta. Sikuwa na miwani na bado nilisoma."

Koplo, msaidizi wake Inspekta, alikuwa amepiga magoti anachungulia chini ya kitanda. Aliposikia hayo akainuka na kujipangusa magoti. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi, dereva hodari kuliko wanaume wote wa kituo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisema hilo.

"Ulisemaje huo ujumbe, mama?"

"Ulisema wameijua nyumba, atoke upesi. Ukasema asipige simu, na hata wewe Inspekta ukimpigia asipokee, kwa sababu laini yako inasikilizwa. Mtaandikiana tu. Na akipata neno kwa namba nyingine yoyote, ajue ni wao. Akafunga mfuko wake, akanishukuru, akaenda. Chai nilimpikia mwenyewe, hata nusu hakunywa."

Tangu saa mbili asubuhi alikuwa akimpigia mtu wa chumba hiki, na simu ilikuwa ikilia mpaka inakatika. Mtu huyo alikuwa katibu muhtasi wa kiwanda cha sabuni. Siku tatu zilizopita alifika kituoni na bahasha kifuani. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua aliyoipiga chapa kwa mikono yake, ikimwonya Meneja kwamba boila la kiwanda lina ufa na lizimwe. Barua ilikuwa na muhuri wa kupokelewa na sahihi ya Meneja. Mwezi mmoja baadaye boila lilipasuka likawaunguza wafanyakazi wanne, na Meneja akaapa kwamba hajapata kuiona barua kama hiyo. Kesho saa tatu asubuhi Katibu alitakiwa kusimama mbele ya hakimu na bahasha yake. Bila yeye, kesi ilikuwa moshi mtupu. Na waliotaka asifike walikuwa sasa wanamwongoza njia.

"Mama," Inspekta akasema, "alipokuwa hapa, alipigiwa simu na mtu mwingine?"

"Meneja wake. Huyo ndiye aliyemmaliza. Tangu asubuhi, jina la Meneja linatokea, yeye anaigeuza simu kifudifudi. Aliniambia ni mara kumi na moja. Alikuwa anahesabu, maskini."

"Ya kwanza ilikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili na kitu kidogo. Nilikuwa namletea maji ya kuoga."

Inspekta alitoa simu yake mfukoni, akafungua orodha ya namba alizopiga, akampa Koplo. "Hesabu nilizompigia Katibu."

Koplo alihesabu kwa kidole. Alipofika mwisho alirudi mwanzo akahesabu tena.

"Kumi na moja, afande, mpaka saa sita. Ya kwanza saa mbili na dakika tano."

"Umeona?"

"Nimeona, ila sijaelewa."

"Meneja hajampigia hata mara moja. Ni mimi. Kwenye simu yake, namba yangu imewekwa jina la Meneja, na jina langu limewekwa namba ya mtu mwingine. Nikimpigia, anamwona adui. Adui akimwandikia, ananiona mimi."

Mama mwenye nyumba alijishika kichwa. Koplo tayari alikuwa anabonyeza namba ya Katibu kwenye simu yake mwenyewe. Ililia, ikalia, ikakatika.

"Hapokei."

"Hawezi kupokea. Nilimwambia mimi, kwa kinywa changu, apokee namba yangu tu, ya mwingine yeyote aachane nayo, hata ya dada yake. Na Katibu ni mama anayeshika maagizo kama msumari ulioingia kwenye mbao." Inspekta alikuwa ameshafika kwenye ngazi. "Simu yake ilitoka mkononi mwake lini?"

"Jumatatu tu. Kioo kilipasuka, akaipeleka kwa fundi."

"Twende kwa fundi."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Fundi simu alikuwa na kibanda cha mabati kwenye mzunguko wa barabara, na kila mtu alimwita Daktari. Ndevu zake zilikuwa za mvi, koti lake jeupe, na jichoni alikuwa amebana kioo cha kukuzia. Mbele yake simu tatu zilikuwa zimelala chali, matumbo wazi, na skrubu zake zimepangwa ndani ya vifuniko vya chupa.

"Foleni inaanzia nyuma," akasema bila kuinua uso.

Koplo aliweka kitambulisho juu ya meza, katikati ya vifuniko.

"Ukipeperusha skrubu moja utaitafuta wewe," Daktari akasema. Kisha akasoma kitambulisho na kukitoa kile kioo jichoni. "Karibuni."

"Jumatatu ulikaa na simu ya katibu wa kiwanda cha sabuni," Inspekta akasema. "Muda gani?"

"Saa moja na nusu. Nilibadilisha kioo."

"Na nini kingine?"

"Nilifanya alichoniomba."

"Nakuuliza alikuomba nini."

"Aliniomba nizime barua pepe za ofisi zisimfikie. Meneja wake alikuwa anamwandikia maneno mabaya. Nikazima."

"Na majina ukayachezea," Koplo akadakia.

Daktari alimtazama kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Binti yangu, mimi nina miaka ishirini na mbili katika kazi hii. Nimeshika simu za wake za watu na simu za waume zao. Ningekuwa mchezaji, mji huu usingekuwa na ndoa hata moja."

Koplo alitaka kujibu, Inspekta akamzuia kwa mkono. Alikuwa anarudi nyuma kwa siku. Jumatatu simu ilitengenezwa. Jumanne alimpigia Katibu, akapokea. Jana jioni, Jumatano, walizungumza dakika sita nzima. Kioo kilikuwa kimeshawekwa siku mbili.

"Si yeye," akasema. "Jana jioni namba yangu ilikuwa bado na jina langu. Imebadilishwa usiku au alfajiri, na simu ilikuwa chini ya mto wa Katibu. Daktari, mtu anawezaje kuandika ndani ya simu ambayo hajaishika?"

Fundi alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Uso wake ulikuwa umebadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyepata swali la kiwango chake.

"Majina ya yule mama hayakai kwenye simu peke yake, afande. Yanakaa pia kwenye programu ya barua pepe, katika kompyuta yake ya ofisini. Miaka mitatu iliyopita alikuja kwangu analalamika, amechoka kuandika kila namba mara mbili. Nikamuunganishia. Tangu hapo akiongeza jina kwenye simu, linatokea ofisini. Akilirekebisha ofisini, linarekebika kwenye simu. Inaitwa kusawazisha. Vitabu viwili, lakini ni kitabu kimoja."

"Na Jumatatu ulipozima barua?"

"Nilizima barua tu. Majina nikayaacha yaendelee. Nani anataka kupoteza majina yake?"

"Kwa hiyo mtu akiketi kwenye kiti cha Katibu kule ofisini..."

"Anaandika ndani ya simu yake, popote alipo. Kinachotakiwa ni yeye kuwasha data tu. Na yule anaibania data, lakini huiwasha mara kwa mara kusoma habari za kesi."

"Funga duka."

"Na wateja?"

"Waambie daktari ameitwa kwa mgonjwa mahututi."

Kiwanda cha sabuni kilinukia mafuta ya mawese na magadi tangu getini. Chumba cha Katibu kilikuwa katikati ya ofisi ya Meneja na ofisi ya Utumishi, kidogo, kisafi, na kabati la mafaili lililopangwa kwa rangi. Meneja hakuwepo, alikuwa mjini na wakili wake tangu jana. Ufunguo wa chumba, mlinzi alisema, ulikuwa na watu watatu tu: Meneja, Afisa Utumishi na Mtunza Stoo.

Afisa Utumishi aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na aliwaletea viti mwenyewe.

"Sisi sote tuna wasiwasi naye," akasema. "Mfanyakazi mzuri sana. Niwaletee maji?"

Mtunza Stoo alikuwa wa namna nyingine. Alikuja anakokota viatu, akasimama ukutani, akakunja mikono.

Daktari alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Vidole vyake vinene vilitembea juu ya vitufe kwa wepesi usiotarajiwa. "Hii hapa kadi ya Inspekta. Namba siyo yako. Na hii ya Meneja..." Akasoma tarakimu kwa sauti.

"Hiyo yangu," Inspekta akasema.

"Zimebadilishwa leo. Saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi. Zote mbili, zimepishana sekunde hamsini."

Inspekta aligeuka. "Nani alikuwa ndani ya chumba hiki saa moja na dakika arobaini?"

"Mimi nilifika saa mbili na nusu," Afisa Utumishi akasema upesi. "Nilipitia hospitali kwanza."

Wote wakamtazama Mtunza Stoo.

"Mimi niliingia," akasema. "Nilichukua fomu za kupokelea magadi. Sijui saa ngapi, sivai saa."

"Ukakaa kwenye kompyuta?" Koplo alisogea karibu naye.

"Nikae nifanye nini?"

"Ujibu swali, mzee."

"Nimejibu. Unataka nijibu kwa kuimba?"

Koplo aligusa pingu zake na kumtazama Inspekta, lakini Inspekta alikuwa ameinama kwenye mlango wa kabati. Hapo palibandikwa karatasi mbili, orodha ya majina yote ya Katibu, imechapwa mwezi uliopita. Kila jina lilikuwa na maelezo mafupi pembeni: mtu huyo ni nani, wamekutana wapi, siku gani. Chini kabisa ameandika jumla kwa kalamu nyekundu. Mia mbili na kumi na nne.

"Daktari, humo ndani yako mangapi?"

"Mia tatu themanini na tisa."

Nje, mashine ya kukatia sabuni ilikuwa inagonga kwa vipimo.

"Majina zaidi ya mia na sabini yametoka wapi?"

Daktari alianza kucheka polepole, mabega yanatikisika. "Afande, huyu mtu hakujiamini. Alipobadilisha namba alitaka kuona kama mabadiliko yanafika kwenye simu kweli. Simu ya Katibu hana, basi akaunganisha ya kwake na akaunti hii ili ajaribu. Simu ikamuuliza, nichanganye majina yako na haya? Akabonyeza ndiyo. Wote hubonyeza ndiyo, hawasomi. Amemwaga kitabu chake chote humu."

"Soma yale yasiyokuwa kwenye karatasi."

"Kinyozi. Kinyozi Mpya. Fundi Bomba. Fundi Bomba Usimwite Tena. Kocha. Usipokee Moja. Usipokee Mbili. Mama Mkwe..."

"Simama hapo. Koplo, simu ya Mtunza Stoo."

Mtunza Stoo aliitoa mwenyewe. Ilikuwa ndogo, ya vitufe, imefungwa kwa mpira, na tochi kichwani.

"Hii haiwezi kusawazishwa hata na jiwe," Daktari akasema.

"Katibu ana mume?" Inspekta akauliza.

"Hajaolewa," Mtunza Stoo akajibu. "Ameshakataa watu wawili humu kiwandani. Mmoja ni mimi."

"Basi mama mkwe huyu si wake. Nisomee namba."

Inspekta alibonyeza tarakimu alizosomewa, akafungua spika, akaiweka simu juu ya meza. Ililia mara mbili.

"Haloo?" Sauti ya mama mtu mzima, na kuku nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Namba yako nimeikuta kwenye majina ya mkweo, mama. Namtafuta mwenyewe."

"Kumbe amepoteza simu. Ndiyo maana. Tangu Jumapili nampigia, inalia mpaka inachoka. Nikamwambia binti yangu, mume wako siku hizi ana masikio ya mapambo."

Koplo aliuma mdomo. Inspekta hakucheka.

"Anafanya kazi wapi, mama, tumpelekee?"

"Hapo kwenye sabuni. Si ndiye mkubwa wa Utumishi? Yeye ndiye anaajiri, yeye ndiye anafukuza. Ukimwona, mwambie miguu yangu bado inavimba na dawa aliyoahidi sijaiona."

Afisa Utumishi alikuwa amesimama karibu na mlango, na glasi mbili za maji mikononi. Hakuna aliyemwambia asimame, lakini alikuwa amesimama kabisa, kama picha.

"Yupo hapa, mama," Inspekta akasema, akamsogezea simu. "Zungumza naye."

"Shikamoo, mama," Afisa Utumishi akasema kabla hajafikiri.

"Marahaba, mwanangu. Umenisusa?"

Maji yalikuwa yanamwagika kwenye shati lililopigwa pasi. Koplo alimpokea zile glasi kwa adabu, akaziweka juu ya kabati, akamfunga pingu. Inspekta alimuaga yule mama kwa heshima na kumwahidi kwamba habari ya dawa imefika.

"Yuko wapi Katibu?" akauliza simu ilipokatika.

"Sijui unachosema."

"Mmempeleka wapi?"

"Nitazungumza mbele ya wakili wangu." Macho yake yalipanda kwenye saa ya ukutani, yakashuka, yakapanda tena. Saa tisa na dakika ishirini na nane.

Inspekta aliona. "Kuna saa anayoisubiri. Koplo, mifuko yake."

Simu mbili zilitoka. Ya pili ilikuwa mpya, na ujumbe wote umefutwa. Inspekta aliishika mkononi kama mtu anayepima uzito wa samaki. Kazi ilikuwa imefanyika, mwovu alikuwa amepatikana, na bado hakuna aliyejua Katibu yuko upande gani wa mji.

"Tunaweza kumwandikia kwa hiyo laini yake," Koplo akasema. "Ni Inspekta kwake."

Daktari aliichukua, akaitazama, akatikisa kichwa. "Hii inataka namba ya siri, na ukikosea mara tatu inajifunga. Amepiga..." Akakatisha. Macho yake yalikuwa yamerudi kwenye kompyuta. "Afande."

"Nini?"

"Yalikuwa majina mia tatu themanini na tisa. Sasa ni mia tatu na tisini."

Inspekta alifika mezani kwa hatua moja.

"Mimi sijaandika kitu," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Hili limetoka kwake. Amewasha data. Katibu amewasha data sasa hivi."

Jina jipya lilikuwa limekaa kwenye orodha kwa utulivu, kama lililokuwepo siku zote. Dereva wa Inspekta. Daktari aliifungua kadi. Katika sehemu ya maelezo, hata katika siku ya kuyaokoa maisha yake, Katibu alikuwa ameandika kama alivyoandika miaka yote: Gari la kijivu. Atanichukua lango la nyuma, bohari la magunia. Saa kumi kasoro kumi. Inspekta amenitumia namba saa tisa na robo.

Afisa Utumishi alifumba macho.

"Andika upesi," Inspekta akasema. "Rudisha namba yangu kwenye jina langu. Ya Meneja ifute kabisa. Na huyu dereva, namba iache, jina ulibadilishe. Hapana, nipishe, nitaliandika mwenyewe."

Aliandika kwa vidole viwili, herufi kubwa, moja baada ya nyingine, huku Koplo anahesabu dakika kwa pumzi. SI DEREVA WANGU USIPANDE.

"Dereva akifika atampigia," Inspekta akasema. "Akipiga, hilo ndilo atakaloliona."

Daktari alibonyeza. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka pembeni mwa skrini. Kikazunguka, kikazunguka, kikasimama.

"Imefika?"

"Imetoka huku. Kama imeingia kule, kompyuta haisemi. Akiwa ameshazima data, itabaki njiani mpaka awashe tena."

"Basi na ujumbe tumtumie," Koplo akasema.

"Nikituma na marekebisho hayajaingia, atauona umetoka kwa Meneja. Nitakuwa nimemsukuma ndani ya gari kwa mkono wangu." Inspekta alikuwa ameshashika mlango. "Mzee wa stoo, unaweza kukaa hapa na huyu mpaka askari wangu wafike?"

Mtunza Stoo alivuta kiti mpaka katikati ya mlango, akakaa, akakunja mikono. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mtu mwenye furaha. "Hapiti," akasema.

Koplo aliendesha gari kama anayefukuzwa. Alipanda ukingo wa barabara kupita malori ya mchanga, akakata kupitia uwanja wa shule uliokuwa mtupu, akatokea nyuma ya maghala. Inspekta alishikilia dashibodi kwa mikono miwili. Alikuwa ameita kituo cha karibu kwa redio, wakamjibu gari lao liko gereji, askari wanakuja kwa miguu. Saa ya gari ilisoma saa kumi kasoro dakika saba walipouona ukuta wa bohari.

Gari la kijivu lilikuwa limesimama langoni, injini inanguruma. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mwanamume mwenye kofia alikuwa amesimama kando yake, simu sikioni.

Koplo alimfikia kabla hajaishusha. Alimgeuza, akamlaza kifua juu ya boneti, akaichukua simu.

"Unampigia nani?"

"Abiria wangu. Mimi nimekodiwa tu, dada, nimekodiwa."

Inspekta aliingiza kichwa ndani ya gari. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Kisha akatazama milango. Upande wa ndani vishikio vilikuwa vimeng'olewa, yamebaki matundu ya skrubu. Aingiaye hapo angetoka kwa kufunguliwa tu.

"Alikuwepo?" akamuuliza dereva.

"Alikuwa amekaa pale, kwenye yale mawe. Nikampigia kumwambia nimefika. Akaitazama simu. Akaitazama sana. Halafu akainuka akaondoka kama mtu anayekwenda kujisaidia. Nampigia, hapokei."

Mawe yalikuwa matupu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la saruji, ofisi ya kutoa nakala, mashine ya kusaga nafaka na uchochoro mrefu uliopinda. Watu walipita na mizigo yao. Inspekta alianza kuvuka, akasimama katikati. Simu yake ilikuwa inatetemeka mfukoni.

Namba ya Katibu.

"Haloo," akasema.

Kulikuwa na ngurumo tu, nzito, inayokwenda kwa mapigo, na pumzi ya mtu karibu na kinasa sauti.

"Katibu, ni mimi."

"Jina kwenye simu silijali tena," sauti ikasema, chini chini. "Limenidanganya mchana kutwa. Siku ya kwanza nilipokuja ofisini kwako, nilikukuta unafanya nini?"

Koplo alikuwa anamtazama kutoka kwenye gari. Dereva pia alikuwa ameinua shingo. Inspekta aliwapa mgongo.

"Nilikuwa nimevua viatu," akasema.

"Endelea."

"Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu. Kidole gumba kilikuwa nje."

"Na mimi nikasema nini?"

"Hukusema kitu. Uligeukia dirishani ukasifu hali ya hewa mpaka nikavaa. Na mvua ilikuwa inanyesha."

Pumzi ndefu ilishuka upande wa pili. Ndipo Inspekta alipogundua kwamba ile ngurumo alikuwa anaisikia kwa masikio mawili, moja kwenye simu na moja barabarani. Aliinua macho. Kwenye mlango wa mashine ya kusaga, kati ya kina mama waliojipanga na ndoo zao, alitokea mwanamke mweupe kwa unga kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatuni. Mkono mmoja umeshika simu sikioni. Mwingine umebana kifua, mahali bahasha ilipo.

Katibu alivuka upande wake, wakakutana katikati ya barabara. Lori lilipiga honi, likawazunguka.

Katibu alimtazama usoni kwa makini, kama anayesahihisha karatasi. Kisha akakata simu, akaizima kabisa, akaitia ndani ya mfuko wake na kuufunga zipu.

"Nitajie namba yako," akasema. "Moja moja, taratibu. Safari hii naiweka kichwani."